Kufufua Motokaa Kuukuu Nyumbani: Land Rover na Vita vya Kutu

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwezi, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale wasioweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme nanyi jioni hii juu ya kazi iliyonishughulisha saa za mapumziko kwa muda wa miaka mitatu, nayo ni kuifufua Land Rover kuukuu iliyoliwa na kutu. Mimi si fundi wa motokaa. Kazi yangu, kama ilivyo ya wengi wenu, ni kalamu, faili na kompyuta, na mikono yangu imezoea karatasi kuliko grisi. Nadhani hiyo ndiyo sababu mkaniomba. Mwataka kujua kama karani mwenye mshahara wa mwezi aweza kufanya kazi ya namna hii uani mwa nyumba yake, kwa fedha gani, kwa hatari gani, na kwa faida gani. Nitajaribu kujibu pasipo kutia chumvi.

Neno ambalo napenda mlichukue kwenda nalo nyumbani ni hili: katika gari kuukuu, lionekanalo ni jepesi, na lisiloonekana ndilo liuwalo watu. Mtu aanzaye na rangi ameanza mwisho. Mtu aanzaye na nyundo, daftari na breki aweza kufika salama.

Yafaa kwanza tujue gari lenyewe limetoka wapi, maana ugonjwa wake ulizaliwa pamoja nalo. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya motokaa mjini Amsterdam. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ambaye huko Anglesey, katika nchi ya Wales, alikuwa akitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Siku zile chuma cha feleji kiligawiwa kwa kipimo, bali alumini ilipatikana kwa wepesi zaidi. Basi wakafanya bodi kwa mabamba ya alumini iliyochanganywa, iitwayo Birmabright, na chasisi wakaifanya kwa mabamba ya feleji yaliyochomelewa pamoja hata yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Wenyewe walidhani ni gari la muda tu, la kuiwezesha kampuni kupita katika miaka ya dhiki. Kumbe ukoo ule uliendelea kutoka kiwandani Solihull hata tarehe 29 Januari 2016, baada ya kufanyizwa magari zaidi ya milioni 2.

Katika Afrika ya Mashariki hapana haja ya kulitambulisha. Gari hili lilimchukua bwana shamba, daktari, mpima ardhi, mkaguzi wa shule na askari. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Thika, nchini Kenya, kilikuwa kikiziunganisha kutoka vipande vilivyoletwa kwa meli. Makarani wengi waliotutangulia walisafirisha mishahara na makaratasi ya kura ndani yake, wakila vumbi pamoja na mafaili. Na mwezi wa Oktoba 2024, Arusha, wenye magari hayo walikusanyika kwa mamia, wakafanya msafara barabarani, mpya na kuukuu pamoja. Basi gari hili bado li hai. Swali ni namna gani yule aliyelala aweza kuamshwa.

Sasa tuje kwenye adui. Kutu si uchafu uliopakwa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichobadilika. Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni iliyo hewani, huungana navyo, kikawa unga mwekundu. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu gari la pwani huzeeka mbele ya gari la bara. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndipo mabamba mawili yaliyobanana huvimba na kutengana yakiingiwa na kutu katikati. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haikifuniki kilicho chini yake. Hubambuka, maji yakapenya, na chuma kizima kikaliwa vile vile. Bandu bandu huisha gogo.

Alumini ina tabia nyingine. Ikiguswa na hewa hujifanyia utando mwembamba mgumu, nao huilinda. Kwa hiyo watu husema kwamba Land Rover haishiki kutu. Neno hilo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo iwatiayo watu hasara. Bodi yaweza kung'aa kama sahani, na chini yake chasisi ikawa kama biskuti. Zaidi ya hayo, alumini na feleji zikigusana penye maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo iliwayo. Ukiona unga mweupe kandokando ya bolti za mlango au pembeni mwa mabamba, jua ya kuwa vita hiyo imekwisha kuanza.

Chasisi nayo huliwa kutoka ndani. Maji na matope huingia katika matundu yake, yakakaa katika uwazi ule usiofikiwa na brashi wala jicho. Kwa nje rangi yaweza kuwa nzima hata siku ya mwisho. Pahali pa kuchungulia kwanza ni boriti ya nyuma, ipokeayo matope yote ya magurudumu. Kisha mikono ya pembeni ishikayo bodi. Kisha vishikio vya springi. Kisha ukuta wa chuma utengao mtambo na dereva, hasa chini pale panapokanyagwa na miguu, na katika miguu ya nguzo za milango.

Sasa nitasema habari za gari letu, si kwa kujisifu, bali kwa sababu mfano mmoja ulio dhahiri wapita maneno mia ya jumla. Gari letu lilifanyizwa mwaka 1976, nalo ni la namna ya inchi 109, yaani kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma. Marehemu baba alilinunua mnadani mwaka 1991, akalitumia kuteremsha viazi na kabichi kutoka milima ya Lushoto. Baada ya kufariki kwake mwaka 2010, lilisimama chini ya mwembe nyumbani Tanga, karibu na bahari, kwa muda wa miaka tisa. Kuku walitaga mahali pa abiria.

Mwaka 2019 alikuja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Kaka yangu mkubwa alitaka tuuze. Hoja yake haikuwa ya kudharauliwa, kwani alikuwa na watoto watatu shuleni, naye alisema, "Fedha ya chuma chakavu ni ndogo, lakini ni fedha. Kutu si urithi." Mimi nilitaka tulitengeneze, kwa maana njia ya kwenda kwa mama kule mlimani haipitiki kwa gari dogo wakati wa masika, na mgonjwa hushushwa kwa machela. Tukabishana siku mbili. Mwisho mama akasema, "Ninyi nyote wawili mwalisemea gari. Lipigeni nyundo, lijisemee lenyewe."

Ndipo tukaandika mapatano katika karatasi moja, tukatia sahihi. Yalikuwa na vifungu vitatu. Kifungu cha kwanza: ikiwa zile boriti mbili ndefu za chasisi zimeoza, gari litauzwa kwa mizani siku ile ile, na hapana atakayenung'unika. Kifungu cha pili: fedha ya kazi itatoka katika kiasi kilichowekwa kila mwezi, wala haitaguswa karo ya shule wala posho ya chakula, mwezi usio na fedha, kazi itasimama. Kifungu cha tatu: hapana mtu atakayepakiwa ndani ya gari hata breki na usukani vikaguliwe na fundi asiyeshiriki katika kazi yenyewe. Nawaambieni, mabwana, karatasi ile ilifaa kuliko spana zote nilizonunua.

Jinsi ya kupima kwa nyundo ni rahisi. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari lililoegemezwa vizuri, ukagonge chasisi inchi kwa inchi. Chuma kizima hulia kama kengele iliyo mbali. Chuma kibovu hutoa sauti nzito ya mbao mbichi, na nyundo huzama. Palipo na shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi kuukuu. Kila jibu liandike. Sisi tulichora picha ya chasisi katika karatasi ya mistari, tukatia alama tatu: kizima, cha kutazamwa, cha kukata. Boriti ya nyuma yote ilikuwa ya kukata, pamoja na mikono miwili ya upande wa kushoto, na sakafu ya miguu ya dereva. Lakini boriti mbili ndefu zililia kengele tangu mbele hata nyuma. Kaka yangu aligonga mwenyewe mara ya pili, peke yake, kisha akainuka akapangusa magoti. Hakusema neno juu ya mizani tena.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, tazameni hati. Namba ya chasisi imegongwa katika chuma chenyewe, upande wa mbele kulia, karibu na kishikio cha springi. Ilinganisheni na ile iliyoandikwa katika kadi ya gari. Pahali pale pia hushika kutu, na fundi asiyejua aweza kuikata namba pamoja na ubovu, akaitupa. Gari lisilo na namba ni mzigo wa chuma tu, hata likiwa zuri namna gani. Karani ye yote ataelewa jambo hili bila ya kuelezwa mara mbili.

Sasa utaratibu wa kazi.

Jambo la kwanza ni kufungua. Kulifungua gari ni kazi ya siku chache. Kulifunga ni kazi ya miezi, na katikati mtu husahau. Hapo ndipo karani anapomshinda fundi mwenye haraka. Kila kipande kilichotolewa kilipata kibandiko chenye namba, na namba ile ikaandikwa katika daftari: kimetoka wapi, kilishikwa na bolti ngapi, ki hali gani. Bolti zenyewe zilitiwa katika makopo ya maziwa yaliyoandikwa. Kabla ya kufungua, tulipiga picha kwa simu, kwa karibu na kwa mbali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bolti ni mali. Zile zilizoshikwa na kutu zilipewa mafuta ya kulegeza jioni na asubuhi kwa muda wa juma zima. Nyingi zilikubali. Zilizokataa zilikatwa, maana bolti ni rahisi kuliko mkono wa mtu.

Jambo la pili ni chasisi. Chuma kibovu hakifunikwi. Hukatwa hata kifikiwe chuma kizima, ndipo kipande kipya kichomelewe. Wako wanaobandika bamba juu ya kutu, wakalipaka lami. Kutu huendelea kula chini ya bamba lile, na sasa haionekani. Kabla ya kukata tulipima kwa uzi kutoka pembe hata pembe, tukaandika vipimo, na baada ya kuchomelea tukapima tena, maana moto hukunja chuma, na chasisi iliyopinda hulifanya gari litembee upande kama kaa. Kuchomelea sikukufanya mimi. Nilimwajiri fundi mwenye kazi hiyo, nikawa mshika taa. Uhodari wa nyumbani ni pamoja na kujua lipi si la nyumbani.

Baada ya kuchomelea, chasisi ilisuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kwanza yenye zinki, kisha rangi mbili za juu. Ndani ya uwazi tulinyunyiza mafuta mazito ya nta kwa bomba refu. Wazee wengi hutumia oili chafu iliyotolewa katika mtambo. Mimi siwashauri, kwa maana oili hiyo ina asidi na taka, huchafua ardhi ya ua, na si njema kwa ngozi ya mtu. Tena msizibe matundu ya chini ya chasisi. Watu huyaona wakadhani ni kasoro. Kumbe ndiyo milango ya maji kutokea.

Jambo la tatu ni vipande vidogo. Vipande vya chuma vinaweza kutolewa kutu kwa umeme wa betri, bila ya kusugua. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi ya kufulia. Kipande chenye kutu hufungwa kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri, na chuma kingine kisicho na thamani hufungwa kwenye waya wa chanya, wala visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu hulegea ikawa tope jeusi lipanguswalo kwa brashi. Lakini shikeni makatazo matatu. Fanyeni kazi hii nje penye hewa, mbali na moto, maana mapovu yale ni gesi ya haidrojeni, nayo huwaka. Msitumie chuma kisichoshika kutu, kama kijiko cha mezani, kwenye waya wa chanya, kwa kuwa hutoa sumu katika maji. Wala msitie alumini katika ndoo hiyo kabisa, maana magadi huila.

Penye kukutana alumini na feleji, tuliweka rangi pande zote mbili na kipande cha mpira katikati, na bolti zikapakwa grisi. Alumini tuliisugua kwa brashi yake peke yake, isiyopita katika feleji, ili chembe za chuma zisibaki ndani yake zikaanza vita upya.

Jambo la nne ni breki, na hapa naomba masikio yenu yote. Gari lisilowaka hukuchelewesha. Gari lisilosimama hukuzika. Mabomba yote ya breki tuliyatupa, hata yale yaliyoonekana mema, tukatia mapya. Mipira yote ya silinda ilibadilishwa. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na unyevu ule hutia kutu ndani ya silinda. Kwa hiyo hutumiwa ya mkebe mpya uliofunguliwa siku ile, wala hayabadilishwi kwa oili ya mtambo, ambayo huvimbisha mipira. Kutoa hewa katika mabomba huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ukaja karibu. Ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali na mmoja kwenye gurudumu. Mke wangu alikanyaga pedali jioni tatu, naye sasa anajua sauti ya hewa katika bomba kuliko mimi.

Vumbi la breki kuukuu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo, kwa maana linaweza kuwa na asibesto, ambayo huharibu mapafu. Loweshe kwa maji, pangusa kwa kitambaa, na kitambaa kitiwe katika mfuko kifungwe. Rangi kuukuu nayo yaweza kuwa na risasi; isuguliwe kwa maji na mtu aliyeziba pua na mdomo, na watoto wasicheze mahali pale.

Jambo la tano ni mtambo. Huu una silinda nne, ujazo wa lita 2 na robo, nao ni mvumilivu. Mtambo uliolala miaka mingi usiamshwe kwa betri kwa ghafula. Tulitoa plagi, tukatia oili kidogo katika kila silinda, tukangoja siku kumi, ndipo tukauzungusha kwa mpini wa mkono. Siku ya kwanza haukusogea. Siku ya tatu ulisogea kiasi cha upana wa kidole. Siku ya nne ukazunguka. Haraka ingalivunja pete za pistoni. Tangi la petroli lilitolewa mapema, likapelekwa mbali na moto wote. Kumbukeni ya kuwa tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio ulipukao. Mtu asichomelee tangi nyumbani, hata akiambiwa limeoshwa.

Rangi ilikuja mwisho wa yote. Nayo ilikuwa kazi ya siku nne.

Sasa habari za fedha. Sitawatajia jumla, kwa kuwa bei hubadilika na kila gari lina ubovu wake. Nitawapa mgawanyo kama ulivyo katika daftari. Katika kila shilingi 100 tulizotumia, 38 zilikwenda katika chasisi na ule ukuta wa mbele. 24 katika breki, springi na usukani. 17 katika mtambo na giaboksi. 10 katika kununua na kukodi vifaa. 6 katika nyaya za umeme. Na 5 tu katika rangi. Kwa maneno mengine, shilingi 62 kati ya 100 zimelala mahali ambapo mgeni anayelisifu gari hawezi kuziona. Mkimwona muuzaji wa gari kuukuu ambaye mambo yake ni kinyume cha hesabu hiyo, yaani rangi ni mpya na chini hapana risiti hata moja, shikeni mifuko yenu.

Tena niseme kweli: atafutaye faida ya fedha asianze. Fedha tuliyotumia yapita mara nyingi ile ya mizani. Faida yake ni nyingine. Mwaka 2022, baada ya fundi wa kifungu cha tatu kulikagua nusu ya siku na kutia sahihi, gari lilipanda mlima katika mvua. Tangu siku ile limewateremsha wagonjwa wanne wa kijiji, mmoja wao mama mjamzito, nao walifika hospitali wakiwa wameketi. Kaka yangu ndiye dereva. Naye ndiye mkali kuliko wote juu ya kulaza gari masika likiwa na tope. Huliosha chini kwa maji matamu kila linaporudi kutoka pwani, na kila baada ya miezi sita hulala chini yake na nyundo ile ile.

Imebaki hatari moja ambayo sikuitaja, nayo ni kubwa kuliko zote. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma, kwenye ardhi ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yatiwe kabari mbele na nyuma. Msiitegemee breki ya mkono. Katika Land Rover za namna hii haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha lile lizunguke hewani, na gari laweza kuondoka ingawa breki imevutwa hata mwisho. Waliojua jambo hili kwa kusoma ni wengi kidogo. Waliolijua chini ya gari hawakupata nafasi ya kutuhadithia.

Kwa sababu hiyo, Bwana Mwenyekiti, napenda kuitolea hotuba hii hoja moja mbele ya mkutano. Najua wanachama wasiopungua watano wenye magari kuukuu nyumbani, na kila mmoja anainua lake kwa jeki moja na matofali. Tofali la saruji hupasuka pasipo kutoa habari. Stendi nne nzuri za chuma na kabari nne si ghali zikigawanywa kwa watu wote. Naomba chama kizinunue kwa fedha ya mfuko wetu, ziwekwe chini ya mtunza vifaa, na ziazimwe kwa zamu na kutiwa sahihi katika daftari, kama tuazimavyo viti vya arusi na maturubai ya msiba. Na kama wajumbe wakikubali, nitaleta picha ya chasisi pamoja na zile alama tatu, ipigwe chapa katika gazeti letu, ili kila mtu apate kuibandika ukutani kabla hajagonga nyundo ya kwanza.

Niko tayari kujibu maswali, na wale wapendao kugonga chuma kwa masikio yao wenyewe, gari liko nje ya ukumbi, nimelitia kabari.